Majirani wa Jua

Ukitoka Juba kwa barabara ya kaskazini inayofuatana na Mto Nile, utafika Terekeka, nchi ya Wamundari. Kiangazi kikishika, vijana huhamia ukingoni na ng'ombe wao wenye pembe ndefu, na kila jioni watoto huzunguka wakikusanya samadi iliyokaukia juani. Huirundika vichuguu vichuguu kambi nzima, kisha huitia moto. Samadi haiwaki kwa ndimi, inafuka tu polepole, na moshi wake ndio chandarua cha watu na mifugo. Majivu nayo hayatupwi. Kunapokucha watu hujipaka mwilini, wakawapaka na ng'ombe, mpaka kambi yote inakuwa na rangi moja ya kijivu.

Usiku niliolala huko upepo uliamka mnamo saa tatu. Moshi, ambao hadi hapo ulikuwa umetanda juu yetu kama paa, ukakatika vipande, na kila rundo likabaki na mkia wake. Mikia ile yote ilielekea upande mmoja. Nilipotazama vizuri nikaona na jambo jingine: marundo ya pembeni, yaliyokabili upepo bila kinga, yaliungua upesi yakaisha, ilhali yale yaliyokuwa nyuma ya ng'ombe waliolala yaliendelea kufuka taratibu hadi alfajiri. Samadi ilikuwa ileile, imekusanywa na mikono ileile. Kilichotofautiana ni mahali.

Juu yetu lilikuwa kundi la nyota la Orioni, na nyota tatu za mkanda wake karibu kabisa na utosi, maana huku tuko nyuzi chache tu kaskazini mwa ikweta. Chini ya mkanda huning'inia upanga, na katikati ya upanga kuna doa la ukungu ambalo jicho huliona pasipo taa za mji. Nuru ya doa hilo husafiri takriban miaka 1,350 kabla ya kutufikia. Iliyoingia machoni mwangu usiku ule iliondoka kule katika karne ya 7, siku ambazo huku kwenye Nile wafalme wa Makuria, Wakristo wa Nubia, walikuwa wamekwisha kufunga mkataba na Waarabu wa Misri. Sikujua bado kwamba ndani ya doa hilo kuna mikia zaidi ya mia kama ile ya kambini, na kwamba kila mkia unatoka kwenye nyota changa inayojaribu kulea sayari huku ikipigwa na upepo wa jirani.

Hadithi ya kuzaliwa kwa sayari, kama ilivyosimuliwa kwa zaidi ya miaka mia mbili, haikuwa na jirani hata mmoja. Mwaka 1755 Immanuel Kant, kijana bado, alichapisha kitabu chenye hoja kwamba Jua na sayari zake vilitokana na maada iliyotawanyika angani ikajikusanya. Mwaka 1796 Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa naye akaja na maelezo yake: wingu la gesi linalozunguka hujikunja, na kadiri linavyojikunja huzunguka kwa kasi zaidi, mpaka linatandazika kama sahani. Katikati ya sahani hukaa nyota. Ukingoni, vumbi hugandana na vumbi, kokoto na kokoto, hadi sayari ipatikane. Kiini cha hadithi hiyo kimesimama hadi leo, na sayari zetu zote kuzunguka Jua kwa upande mmoja, karibu katika bapa moja, ni ushahidi wake ulio wazi. Lakini wingu la Laplace lilielea peke yake katika utupu. Lilikuwa kama mtoto aliyezaliwa porini, akakua bila shangazi, bila mtaa, bila maradhi ya kuambukizwa na mtu.

Sahani ya kwanza kuonekana kwa picha ilikuwa ya vumbi linaloizunguka nyota iitwayo Beta Pictoris, iliyopigwa na Bradford Smith na Richard Terrile mwaka 1984 kwa darubini iliyoko Chile. Ilifurahisha, na ilikuwa ya upweke vilevile. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza habari za majirani.

Na hali sababu ilikuwa imekwisha kuonekana, ila haikutambuliwa. Mwaka 1979 Wafaransa wawili, Laques na Vidal, walitangaza kwamba karibu na nyota angavu zilizo katikati ya doa la Orioni kuna vidonge sita vidogo vya gesi inayong'aa. Ni nini, haikujulikana. Mwaka 1987 Edward Churchwell na wenzake walivisikiliza kwa darubini za redio, na wakatoa wazo kwamba huenda ndani ya kila kidonge kuna nyota ndogo yenye sahani inayovukizwa. Darubini ya Hubble ilipopelekwa angani na Robert O'Dell akaielekeza huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazo hilo likapata sura. Picha zake zilionyesha vitu mfano wa viluwiluwi: kichwa kinachong'aa kuelekea katikati, mkia ukielekea nje. Ndani ya baadhi ya vichwa mlikuwa na kivuli cheusi cha duara bapa. Hiyo ndiyo sahani yenyewe. Nilipoziona picha hizo mara ya kwanza, kwenye simu, umeme umekatika na Juba yote giza, nilirudi Terekeka kwa moyo. Mikia yote ilikuwa imekimbia kitu kimoja.

Kitu hicho ni nyota inayoitwa Theta-1 Orionis C. Ni moja ya nyota nne zilizobanana katikati ya doa, na ukiwa na darubini ya mkononi iliyotulia utaweza kuanza kuzitenganisha. Uzito wake unapita wa Jua mara zaidi ya 30, na uso wake una joto la karibu nyuzi 40,000, wakati Jua letu halifikii 6,000. Nyota ya namna hiyo haimwagi nuru tu. Inamwaga miale ya urujuanimno, jamii ileile ya miale inayotubabua ngozi, ila kwa wingi usio na mfano.

Ni vizuri kueleza miale hiyo inafanya nini, maana hapo ndipo penye shina la jambo. Gesi iliyo karibu na nyota changa imeshikwa na mvuto wa nyota hiyo kwa nguvu, kama ndama aliyefungwa kamba fupi. Gesi ya ukingoni mwa sahani imeshikwa kwa kamba ndefu na legevu. Miale ya jirani inapoipiga gesi ya ukingoni, inaipasha joto. Gesi yenye joto huenda mbio. Ikipata mwendo wa kutosha hukata kamba na kuondoka moja kwa moja. Kwa hiyo sahani hailiwi kutoka katikati. Inaliwa kutoka nje kuingia ndani. Mahali ambapo sayari kubwa za mbali zingezaliwa hutoweka kwanza, na mahali pa sayari ndogo za mawe, karibu na nyota, hubaki na kinga kwa muda. Mwaka 1998 Doug Johnstone, David Hollenbach na John Bally waliiweka hesabu hiyo sawasawa.

Hesabu yenyewe ikaleta kero. Sahani za Orioni zinapoteza gesi kwa kasi ambayo ingezimaliza katika miaka laki moja hivi. Nyota zenyewe zina umri wa miaka milioni moja au zaidi. Kwa nini basi sahani bado zipo? Kwa karibu miaka ishirini swali hili liliwasumbua watu. Mwaka 2019 Andrew Winter na wenzake walipendekeza jibu ambalo mkazi wa Juba atalielewa bila kuchora mchoro: si wote waliofika siku moja. Mji huu una waliokuja baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, waliokuja na uhuru wa mwaka 2011, na waliokimbia vita ya Khartoum kuanzia Aprili 2023. Ukimkuta mtu sokoni Konyokonyo leo, huwezi kudhani ameishi hapa tangu mji uanze. Vivyo hivyo nyota za Orioni zimeendelea kuzaliwa kwa awamu, na zile zenye sahani nene karibu na Theta-1 Orionis C ni wageni walioingia juzi kutoka kwenye wingu lililokuwa likiwakinga. Hatujazikuta zikistahimili kipigo. Tumezikuta zikianza kupigwa.

Kuna mahali pengine pa kushuhudia hayo, na unaweza kupanyoshea kidole ukiwa barazani kwako. Tazama nyota ya mkanda wa Orioni iliyo upande wa mashariki; chini yake kidogo ipo nyota hafifu, Sigma Orionis. Mwaka 2017 Megan Ansdell na wenzake walipima kwa darubini za ALMA, zilizoko nyanda za juu za Chile, vumbi la sahani za nyota changa zinazoizunguka. Waliona mteremko: kadiri nyota changa ilivyo karibu na Sigma Orionis, ndivyo sahani yake ilivyo nyembamba. Sigma Orionis si kali kama ile ya kwanza. Hata jirani wa ukali wa kati, akikaa nawe miaka milioni kadhaa, anakupunguzia urithi.

Sasa geuza shingo kuelekea kaskazini-magharibi, kwenye Kilimia, nyota ambazo wakulima Waswahili wamezitumia tangu zamani kujua mvua. Upande huohuo wa anga, umbali wa miaka ya nuru 450 hivi, kuna mawingu ya vumbi ambamo nyota huzaliwa chache chache, mbalimbali, bila jitu lolote la kuzimulika. Ni kijiji. Mwaka 2014 ALMA ilipiga picha ya nyota mojawapo ya huko, HL Tauri, yenye umri usiozidi miaka milioni moja. Sahani yake ilikuwa pana na tulivu, imejaa pete na mifereji kama mawimbi kwenye maji yaliyotupiwa jiwe, na wengi huamini kwamba mifereji hiyo imelimwa na sayari changa. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Inastahili. Lakini imetufanya tudhani kwamba huo ndio utoto wa kawaida, na hapo ndipo ninapoona tumepotoka. Jua letu, kama nyota nyingi, halikukulia kijijini.

Najuaje? Kwa sababu ya mawe, na mengine yameangukia huku kwetu.

Gumbo, ng'ambo ya mto, ndiko malori yanakoegesha yakimaliza barabara ya Nimule, na Kiswahili hapo ndicho lugha ya kazi. Jioni moja nilikaa kwenye kibanda cha mama chai na dereva mtu mzima, mwenyeji wa Mbeya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Nilimuuliza kama amewahi kukiona kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma la takriban tani 16. Akacheka kwa furaha. Alikuwa amekipanda akiwa mwanafunzi, shule nzima ilipelekwa.

"Na kimondo cha Ivuna, mzee?"

Alifikiri kidogo. "Ivuna kuna chumvi, mwanangu. Kimondo hakuna."

Hakukosea. Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa, si mbali na Mbozi, ina chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezichemsha kwa karne nyingi. Kimondo hakipo kwa sababu kilichookotwa kilikuwa kidogo, gramu 705 tu, kikachukuliwa. Kipande chake kikubwa kiko London. Kilianguka tarehe 16 Desemba 1938. Kwa mwonekano ni donge jeusi, laini, ambalo likiachwa kwenye maji hulegea na kusambaratika, na ndani yake nako mna chumvi. Mtu angepita juu yake akidhani ni kaa la jikoni.

Na bado katika maabara za dunia nzima jina la Ivuna hutajwa kuliko la Mbozi. Ukiondoa gesi nyepesi kama haidrojeni na heliamu, uwiano wa elementi ndani ya jiwe hilo unakaribiana mno na ule wa Jua lenyewe, kiasi kwamba wanakemia hulitumia kama kipimo: wakitaka kusema jiwe fulani lina chuma kingi au kidogo, hulilinganisha na mawe ya jamii ya Ivuna. Jamii nzima imepewa herufi ya kwanza ya kijiji hicho. Chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilipoleta gramu 5.4 za vumbi kutoka asteroidi ya Ryugu mwezi Desemba 2020, neno la wapimaji lilikuwa kwamba Ryugu ni Ivuna. Ni masalia ya sahani ya Jua kabla sayari hazijaifuja. Udongo wake umelowa maji tangu mwanzo, lakini haujawahi kuungua.

Kwa nini haukuungua ni swali lenye uzito, kwa sababu mawe mengine ya umri huo yaliyeyuka kabisa.

Tarehe 8 Februari 1969 kimondo kikubwa kilianguka Allende, nchini Mexico, kikiwa na vipande vyeupe vilivyo miongoni mwa vitu vikongwe kabisa vilivyoundwa katika mfumo wetu wa jua, miaka bilioni 4.567. Mwaka 1976 Typhoon Lee, Dimitri Papanastassiou na Gerald Wasserburg walikuta ndani ya vipande hivyo alama ya alumini-26. Hii si alumini ya sufuria. Ni alumini yenye mnururisho, ambayo nusu yake hugeuka magnesi kila baada ya miaka laki saba hivi. Haiwezi kukaa ghalani. Ikiwa ilikuwemo wakati mawe ya kwanza yanaganda, basi ilikuwa imetengenezwa karibuni, na watengenezaji wake wakuu ni nyota kubwa, ama kwa pepo zake kali za uzeeni, ama kwa mlipuko wa kufa kwake. Wataalamu bado wanavutana juu ya njia gani kati ya hizo. Juu ya kwamba jirani mkubwa alikuwepo, wengi wamekubaliana. Jua letu lilipakwa majivu utotoni.

Majivu yale yalikuwa ya moto. Jiwe lolote lenye upana wa makumi ya kilomita lililogandana mapema, alumini-26 ingali nyingi, lilijipika lenyewe kutoka ndani. Lililochelewa kugandana, au lililokuwa mbali kwenye baridi na barafu nyingi, lilipata uvuguvugu tu wa kuyeyusha barafu. Ivuna ni la kundi hili la pili. Kwa mfano wa kundi la kwanza tunashuka tena na Nile.

Tarehe 6 Oktoba 2008 darubini moja ya Arizona iliona jiwe dogo likija, na kwa mara ya kwanza katika historia watu walijua kimondo kitaanguka wapi kabla hakijaanguka. Lilikuwa na upana wa mita nne hivi na uzito wa takriban tani 80. Saa 20 hivi baadaye, alfajiri ya tarehe 7, saa kumi na moja na dakika arobaini na sita, lilipasuka kilomita 37 juu ya Jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan. Rubani wa ndege ya KLM aliyekuwa mbali kusini-magharibi aliuona mmweko. Sudan ilikuwa nchi moja bado. Chuo Kikuu cha Juba, kilichohamishwa na vita, kilikuwa kimewasomesha watoto wa kusini huko Khartoum kwa miaka mingi. Wapo wakazi wa Juba wa leo walioisikia habari hiyo wakiwa wanafunzi, mamia ya kilomita kutoka lilipoangukia.

Desemba, Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum aliwachukua wanafunzi na wafanyakazi wapatao 45, pamoja na Peter Jenniskens aliyetoka Marekani, wakaenda jangwani kwa mabasi. Walijipanga mstari mmoja mrefu na kutembea wakiukagua mchanga. Fikiria uwanja wa changarawe usio na mti, na wewe unatafuta jiwe jeusi kati ya mawe meusi. Siku ya kwanza ya msako mwanafunzi mmoja aliliona. Kituo cha karibu kwenye reli ya Wadi Halfa kinaitwa Almahata Sitta, Kituo cha Sita, na jina hilo ndilo kililopewa kimondo. Nalipenda jina hili. Hapa Juba mtu akitaka kushuka kwenye matatu husema mahata. Na sita yetu na sitta yao ni neno moja.

Sehemu kubwa ya mawe ya Kituo cha Sita ni ya aina iliyowahi kupikwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Ukiyaangalia kwa hadubini utaona kaboni nyingi imejibanza kati ya chembe, na mle ndani almasi ndogo zisizoonekana kwa jicho. Jiko lililoyapika ni alumini-26. Lakini kilichowashangaza wapimaji zaidi ni kwamba katika rundo lilelile, kutoka jiwe moja lililopasuka, mlikuwa na vipande vya koo nyingine: vingine havijaungua hivyo, vingine vya asili ya mbali na Jua. Mawe yaliyozaliwa pande mbalimbali za sahani yaligongana, yakashikana, yakasafiri pamoja na kuangukia Nubia.

Hapo Ivuna na Kituo cha Sita yanakutana. Moja limelowa, jingine limeungua, na yote mawili yanatoa ushahidi mmoja: moto uliokuwa ndani ya sahani ya Jua haukuwa wa Jua.

Na athari yake tunaikanyaga. Mwaka 2019 Tim Lichtenberg na wenzake walipiga hesabu ya mifumo ya sayari yenye alumini-26 nyingi na isiyo nayo. Penye nyingi, mawe ya kujengea sayari hukaushwa kabla hayajaungana, na sayari zinazotoka huwa na maji ya kiasi. Pasipo nayo, sayari za mawe huelekea kuwa bahari tupu, maji yenye kina cha kutisha bila ufuko. Kwa hesabu hiyo, nchi kavu yenyewe, Jebel Kujur tunaouona kutoka mjini, mbuga za Terekeka, mchanga wa Nubia, ina deni kwa nyota ambayo hakuna aliyewahi kuiona na ambayo ilikwisha kabla Dunia haijakamilika.

Majirani waliacha na alama nyingine. Tarehe 14 Novemba 2003 Mike Brown na wenzake waligundua Sedna, gimba dogo jekundu ambalo halilikaribii Jua kuliko mara 76 ya umbali wetu, na huchukua miaka 11,000 hivi kulizunguka mara moja. Hakuna sayari tunayoijua inayoweza kuisukuma kwenye njia hiyo. Maelezo mojawapo yenye nguvu ni kwamba nyota nyingine ilipita karibu, Jua lilipokuwa bado limesongamana na ndugu zake, ikaivuta. Jambo la aina hiyo tumeshaliona kwingine: sahani ya nyota RW Aurigae imeburuzwa mkia mrefu na jirani aliyepita.

Ningekuwa mchoyo wa haki kama ningewasimulia majirani kama wanyang'anyi tu. Mwaka 2020 Jaime Pineda na wenzake walionyesha nyota changa inayolishwa na mkondo wa gesi unaotoka nje kabisa ya kiota chake, kama kijito kinachoingia ziwani. Mikondo ya namna hiyo imeendelea kuonekana kwingine. Maana yake ni kwamba sahani haipewi posho moja siku ya kuzaliwa na kuachiwa itumie. Wingu linaweza kuiongezea baadaye, tena kwa maada yenye mchanganyiko tofauti, na hata kuipinda. Huenda ndiyo sababu mawe ya mfumo wetu yamegawanyika katika koo mbili kuu zisizofanana kikemia.

Na ukali wenyewe una mipaka. Mwaka 2023 María Claudia Ramírez-Tannus na wenzake, kwa darubini ya James Webb, walitazama mahali penye majitu ya nyota mengi kuliko Orioni, NGC 6357, umbali wa miaka ya nuru 5,500 hivi. Katika sahani moja, sehemu ya ndani kabisa, walikuta mvuke wa maji. Miale yote ile ilikuwa haijafika jikoni. Lakini mwaka uliofuata Olivier Berné na wenzake, kwa darubini hiyohiyo, waliandika habari za sahani moja ndogo ya Orioni inayovukizwa kwa kasi ambayo itaimaliza kabla ya miaka milioni moja, na gesi ya kutengeneza sayari kama Mshtarii haitapatikana hapo. Nyota hiyo itakuwa na watoto wa mawe, kama itakuwa nao, na hakuna kaka mkubwa wa kuwatangulia.

Kwa sasa Theta-1 Orionis C inazipunguza sahani za majirani zake. Lakini nyota nzito hivyo haziishi sana, miaka milioni chache tu, na siku zake zikifika italipuka. Sahani zilizoko karibu na zitakazokuwa bado zipo siku hiyo, za wageni walioingia mwisho, walioachwa nyuma ya wingu kama yale marundo nyuma ya ng'ombe, zitapokea majivu yake, alumini ya moto ikiwemo. Baadhi ya mawe humo yatalowa, baadhi yataungua.